Maharage ya Mama Mukashema

Itebero, mwezi wa nane

Kwako Papa yangu Sebarenzi, huko Shasha,

Ninakusalimia katika jina la Bwana wetu Yesu, na ninauliza habari za mwili wako. Lile goti la kushoto linakubali kutembea, ao bado linakataa kukiwa na baridi? Na macho? Nimesikia kwamba huoni tena maandishi, na kwamba siku hizi Jean-Bosco njo anakusomea hata Biblia. Basi Jean-Bosco, ndugu yangu, wewe unayesoma barua hii kwa sauti, salamu kwako pia. Soma polepole. Usiruke kitu, na usianze na mwisho kama ulivyokuwa unafanya na barua za watu tulipokuwa wadogo. Papa akikasirika katikati, mpe maji anywe, kisha uendelee.

Sisi huku tuko wazima, na shukrani zote ni za Mungu. Mjukuu wako Uwitonze ameota meno mapya na anaongea lugha ya watoto wa hapa kuliko Kiswahili chetu, mpaka mara nyingine ninamuuliza amesema nini. Malaria ilimshika mbaya wakati wa mvua iliyopita, lakini Mungu alimtoa humo na sasa anakula kama mtu mkubwa. Koko Elisabeth, yule bibi mzee jirani yetu wa Burungu, yuko. Miguu yake haijabadilika, mdomo wake pia haujabadilika. Anakusalimia. Anasema nikuambie kwamba yeye ni mzito kweli, lakini roho yako njo nzito zaidi. Nimeandika vile alivyosema, usinihesabie mimi.

Neno lako lilitufikia, Papa. Mchungaji wenu alipiga telefone kwa mchungaji wetu, na siku hiyo rezo ilikuwa imeshika vizuri, sauti haikukatika. Alituambia kwamba watu wameanza kurudi Burungu kulima, na kwamba wewe pia unataka kupanda kabla mvua ya mwezi wa tisa haijakomaa. Alisema mbegu ya maharage ya marehemu Mama Mukashema uliyokuwa umebeba wewe ililowa siku maji yalipoingia nyumbani, ikaota yote ndani ya mfuko, haikubaki hata punje. Kwa hiyo mimi Claudette nilete yangu. Mchungaji wetu ni mtu wa haya, akataka kuishia hapo. Lakini nilimwona anameza mate, nikamwomba anipe ujumbe wote jinsi ulivyo. Njo akasema kwamba umeongeza: na yule abaki huko huko.

Yule ni Valens, mume wangu. Najua unajua. Ninaandika jina lake kwa sababu ninaambiwa kwamba tangu siku tuliyokimbia halijatamkwa katika nyumba yako.

Papa, nitakujibu juu ya mbegu, lakini jibu ni refu kidogo. Nianze na lile la kuumiza: ile mbegu niliyobeba ndani ya kitenge changu, sina. Sina hata punje moja yake. Usiinuke bado. Jean-Bosco, mwambie akae.

Ile siku ya kukimbia, wewe uliiona kutoka mbele, mimi niliiona kutoka nyuma. Wewe ulikuwa umetangulia na Jean-Bosco na mbuzi. Valens alikuwa amebeba begani gunia la mbegu ya Mama, lile ambalo yeye mwenyewe marehemu alilichagua kwenye mkeka, punje kwa punje, na sisi tumekaa na njaa pembeni kwa sababu hakuruhusu sufuria iwekwe motoni kabla mbegu haijachaguliwa. Nikikumbuka vidole vyake juu ya yale maharage mekundu yenye doa jeupe tumboni, bado ninasikia njaa ya siku zile. Basi tulipofika kwenye ua wa Koko Elisabeth, tulimkuta amekaa mlangoni kwake peke yake, na ile miguu yake isiyotembea. Watoto wake walikuwa wamekwisha kwenda, huyu njia hii, yule njia ile, kila mmoja akidhani mwenzake amemchukua mama. Na milio ya bunduki ilikuwa inakaribia. Valens aliangalia gunia, akamwangalia Koko, kisha akateremsha gunia chini ya migomba, akachuchumaa, akamwambia apande mgongoni.

Nawe ulipogeuka pale kwenye kona, ulimwona amebeba mama wa watu na hana gunia la mke wako. Maneno uliyopiga kelele siku ile sitayaandika. Kwamba amemtupa Mama yetu akaokota wa wengine, hilo tu ninalitaja, kwa sababu njo lililoingia ndani yake likakaa. Sitakudanganya, hata mimi sikumsifu. Nilipiga magoti chini ya migomba, nikafungua gunia, nikachota nilichoweza kuchota, nikakifunga katika kitenge huku ninalia kwa hasira. Kwa sababu ya kutembea pole pole na Koko, barabara ya Sake ikafungwa mbele yetu. Ninyi mlishuka ziwani. Sisi tukageuka upande wa Masisi na Nyabiondo, tukaingia msituni na Uwitonze pamoja na wengi, tukatembea mpaka Walikale, na kutoka Walikale mpaka huku.

Ile safari Mungu alitubeba, na Valens akambeba Koko, na Koko akatubeba sisi kwa nyimbo na manung'uniko. Alimwambia mume wangu kwamba anatembea vibaya, kwamba mgongo wake una mifupa mingi, kwamba babake mzazi alikuwa anajua kubeba watu kuliko yeye. Kisha akaanza wimbo wa kanisa na sauti yake ya kukwaruza, na wakimbizi wengine wakaitikia. Papa, siku nyingine sikuwa na imani hata kidogo, nilitembea kwa imani ya yule mwanamke anayelalamika.

Jumapili yetu ya kwanza Itebero, watu tusiowajua walitupa pa kukaa kwenye benchi zao, na baada ya mahubiri wakaita wenye sadaka ya shukrani. Unajua kwetu vile inavyokuwa: mwenye ndizi analeta ndizi, mwenye kuku analeta kuku, na mwisho wa ibada shemasi anaviuza pale kiwanjani. Mimi nilibaki kwenye benchi, nikijiambia kwamba mkimbizi hana cha kutoa na Mungu anaelewa. Valens akafungua kitenge changu, Papa, bila kuniuliza. Akaomba kopo kwa jirani, akalijaza mbegu ya Mama mpaka juu, akapeleka mbele. Alisema tu kwamba tumefika wote wanne tukiwa hai na kwamba hawezi kuingia katika nyumba ya Mungu mikono mitupu. Mwanamke mmoja muuza chumvi na sabuni, jina lake Emérita, njo aliyenunua lile kopo. Nilimwona anaondoka nalo. Nilimpa mume wangu chakula bila neno kwa siku nyingi.

Ile iliyobaki tukaipanda yote. Tulilima kama vile ulivyotufundisha mlimani: tukafyeka, tukachimba, tukasimamisha miti ya maharage kupanda juu yake, ndefu na imara. Majirani walipita wakatuangalia, wakaguna, lakini tulidhani wanatushangaa kwa ufundi. Na yale maharage yalipanda, Papa. Yalipanda kama yanafukuzwa. Majani mapana, meusi kwa ukijani, yakafunika miti yote mpaka huoni udongo. Basi mimi na haraka zangu nikainuka kanisani siku ya ushuhuda, nikasimama mbele ya watu wote, nikasema waje waone Mungu alivyotenda katika shamba la mkimbizi. Nililia pale mbele. Korali ikaimba. Watu wakaja kweli kuangalia.

Hayakuzaa. Maua yalitoka machache, yakadondoka. Joto la huku si la Burungu, na maharage ya Mama yamezoea ukungu na baridi ya juu. Wenyeji walikuwa wanajua, njo maana waliguna. Nilipita kati ya mistari nikipapasa majani kutafuta ganda hata moja la kurudisha mbegu, nikapata viganda vitupu visivyo na kitu ndani. Shemasi Marcellin, ambaye ana mdomo, akaanza kuniita Mama Majani, na jina likashika mpaka leo.

Hapo, Papa, nilinuna na Mungu. Sijui neno lingine. Wewe ni mzee wa kanisa na unaweza kushtuka, lakini sikuomba tena. Niliacha korali. Nilimwambia Mungu kwamba alinidanganya kwa majani, kwamba nilimshukuru mbele ya watu naye akaniaibisha mbele ya watu hao hao. Nilimwambia pia kwamba angeweza kuacha walau kopo moja. Nilikaa nyumbani Jumapili nikisikia nyimbo zinatoka kanisani, na Valens akaenda na Uwitonze bila kunisukuma. Hakuniambia neno la lawama, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Aliyenitoa pale ni Koko Elisabeth. Alikuwa amekaa mlangoni, akaniuliza kama ninangojea majani yazeeke ndiyo nimpikie. Akasema huko kwetu alikula majani ya maharage tangu hajaota meno, sasa mbona ninayaangalia kama adui. Nikachuma kwa hasira, nikapika. Majirani wakatupatia mawese, ambayo huku ni mengi kama maji, na Koko akakataa tusile kabla ya kushukuru. Nilimwambia ashukuru mwenyewe. Akashukuru kweli, sala ndefu, akashukuru jani, akashukuru shina, akashukuru hata jua lililokataza maganda, mpaka Uwitonze akasinzia na mimi nikacheka. Nilipocheka nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimecheka.

Basi tukala majani. Wanawake wa jirani wakaonja, wakapenda, kwa sababu sombe, yale majani ya mihogo, walikuwa wameichoka. Wakaanza kuja kuomba, na hawakuja mikono mitupu. Huyu alileta mihogo, huyu ndizi, huyu alinikalisha akanionyesha jinsi ya kulima huku, wapi unapanda karanga, wapi unaacha msitu upumzike. Uwitonze aliposhikwa na malaria, wale wanawake njo walioniamsha, wakambeba mpaka kwa muganga wa kituo cha afya, wakapokezana kukaa naye. Hakuna hata mmoja ambaye ningemjua kama maharage yangezaa nikajifungia na gunia langu. Hilo sikulielewa kwa siku moja. Lilikuja kidogo kidogo, na siku moja nikajikuta nimerudi kwenye korali, sauti ya pili, mahali pangu, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Sasa hesabu mwenyewe neno lako la mbegu lilinipata katika hali gani. Nilikuwa nimepona, nilikuwa ninashukuru, lakini sikuwa na mbegu. Nilimwambia Valens. Akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema kwamba kama angeweza kurudi pale chini ya migomba, angebeba wote wawili, Koko na gunia, hata kama mgongo ungevunjika. Nikamwambia kwamba hakuna mgongo kama huo. Njo siku ya kwanza nilimtetea kwa kinywa changu, Papa, na nilishangaa kusikia sauti yangu. Tuliomba pamoja. Sikuomba mbegu, nilikuwa naona ni kuchelewa. Niliomba Mungu akutulize wewe.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya Shukrani ya Mavuno. Nilikuwa nimesimama kwenye korali, tunaimba, na watu wanapita katikati na vikapu vyao kuvipeleka mbele. Mihogo, mpunga, ndizi, kuku wa kukataa kubebwa. Kisha akapita Emérita, yule muuza chumvi, na kikapu kichwani. Alipokishusha pale mbele, nikaona rangi. Mekundu. Nikajiambia maharage mekundu ni mengi duniani. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kutoka kwenye korali, na wimbo haujaisha, na mwalimu wetu wa nyimbo ananitolea macho. Nilichota mkononi. Doa jeupe tumboni, kila moja. Nikakaa chini pale pale mbele ya kanisa, Papa, na kitenge changu cha korali, nikalia mpaka mchungaji akasimamisha ibada.

Emérita hakuelewa nimepatwa na nini, mpaka nikawaeleza wote kwamba ile ni mbegu ya marehemu Mama. Tulipomwuliza akaeleza bila kuficha. Mama yake anakaa juu kabisa, kule msitu unapoishia na baridi inapoanza. Lile kopo alilonunua hakulipika, alimpelekea mama yake, na mama akaona ni mazuri, akapanda. Yakazaa. Akapanda tena, yakazaa zaidi. Mwaka huu amevuna ya kutosha mpaka akamwambia binti yake apeleke kikapu kanisani kwa kushukuru. Kanisa lote lilikuwa linasikiliza. Valens alikuwa nyuma amemshika Uwitonze, na sikuweza kumwangalia.

Lakini toleo likishafika mbele ni la Mungu, halirudishwi, linauzwa kama mengine. Na anayeuza ni Marcellin, mtu ambaye anaweza kukuuzia kuku mgonjwa kwa bei ya mbuzi na ukamshukuru. Tulipotoka kiwanjani akainua kikapu, akaanza kukisifu. Mimi nikataja nilichokuwa nacho, kidogo cha aibu. Marcellin akauliza nani anaongeza. Kimya. Akauliza tena, akageuka huku na huku. Papa, kiwanja kilikuwa kimejaa watu, na wote wakawa wanaangalia mawingu, wengine wanajikuna, mwingine anafunga kamba za viatu asivyokuwa navyo. Wafanyabiashara wa maharage walikuwepo, nao wakanyamaza. Marcellin akaangalia chini, akasema kwa sauti ambayo sijaizoea kwake: Mama Majani, bebea mama yako.

Kwa hiyo mbegu iko, Papa. Iko ya kutosha kwa shamba lote la juu na kidogo la bondeni. Nyingine ipo kwa mama yake Emérita, tumekubaliana atuwekee, ili isikae tena yote mahali pamoja. Ile niliyoificha mimi katika kitenge, msitu uliikula yote. Ile Valens aliyotoa bila kuniuliza, na nikamnunia, hiyo njo imerudi. Sisemi tena juu ya hapo. Wewe unajua Neno la Mungu kuliko mimi, utalitafuta mahali lilipo.

Sasa kuna jambo ambalo nimelishika mpaka hapa. Mke wa mchungaji wenu, aliyekuletea barua hii, hakukuambia ameitoa wapi. Mimi njo nilimwomba kwa telefone anyamaze. Barua haikuletwa na shoferi. Ilikuja ndani ya mfuko wa shati la Valens. Ameshuka nayo kupitia Hombo na Bunyakiri, mahali pengine kwa gari, mara nyingi kwa miguu, mpaka ziwani, kisha akashika njia ya Minova. Yuko Shasha, Papa. Sasa hivi Jean-Bosco anaposoma, amekaa kwenye benchi ya nyuma ya kanisa lenu, na mbegu ya Mama iko magotini pake. Nilimwambia aingie kwako moja kwa moja. Alikataa. Alisema mkwe aliyefukuzwa haingii katika lupango, ua wa nyumba ya baba mkwe, mpaka aitwe, na kwamba usipomwita, atamwachia mchungaji mbegu, atarudi, na hatakuwa na kinyongo. Ninamjua, atafanya hivyo hivyo.

Nimemtuma apande pamoja nawe. Goti lako halitamaliza ule mlima peke yake, na Jean-Bosco tunamjua na jembe. Mkishapanda na kusimamisha kibanda, nitakuja na Uwitonze na Koko Elisabeth. Koko amekwisha kuuliza nani atambeba, na amekwisha kujijibu.

Ninakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu tangu niolewe. Usimtume Jean-Bosco kumwita. Nenda mwenyewe, pole pole, na fimbo. Utamkuta hana koti, na najua vile unavyoliona jambo la mkwe kuja mbele yako bila koti. Usidhani ni dharau. Mvua ni nyingi njiani, na lile koti lake la harusi, la pekee, amelivua akafungia mbegu ya Mama isilowe. Ndilo atakalokukabidhi. Na ukifika karibu, Papa, usimwite yule. Mwite jina lake.

Nisalimie mchungaji na mama mchungaji, na wote wa Burungu walio huko ziwani. Wale wa hapa wanakusalimia bila kukujua, Emérita wa kwanza. Bwana akulinde mpaka tuonane juu ya ule mlima wetu, tukiwa na udongo miguuni.

Mimi binti yako mwenye kukupenda na kukuheshimu,

Claudette Niyigena

Jean-Bosco, barua imeisha. Nyamaza sasa, umwache Papa avae viatu.